Maoni ya Bwana Sitima

Shambani, barabara ya Suam,
Kitale.
3 Machi

Kwako Mama Roselyne,

Mulembe. Pokea salamu za mkulima aliyeshindwa. Mimi ni mzima, goti tu ndilo linanisumbua nikitaka kusimama, kwa hivyo nimeamua nisisimame ovyo. Natumai wewe pia ni mzima, tena umenona, maana nasikia huko Bungoma wajumbe mnalishwa mara nne kwa siku na katikati mnapewa maji ya chupa.

Naandika kwa sababu simu kwangu ni kazi bure. Masikio yangu yalistaafu kabla yangu. Juzi Tonny alinipigia kutoka Nairobi, tukaongea dakika kumi, na mpaka leo sina hakika kama alikuwa Tonny. Barua nitampa Linah, yule wa vitunguu, maana anakuja soko la Bungoma kila wiki. Na wewe umpe yeye majibu.

Sasa, hongera. Wafanyabiashara wa Misikhu wamekuchagua ukae Kamati ya Ardhi, mwandike upya katiba ya nchi nzima. Mimi nilidhani ile ya 2010 bado ina harufu ya dukani, kumbe imeshatoboka magoti inataka kiraka. Na anayeshika sindano ni wewe, Agneta, niliyekuazima raba darasa la tatu na hujanirudishia!

Unajua nilikitaka kile kiti cha wakulima. Nilivaa koti la harusi. Nilisema maneno mazuri sana kuhusu mbolea. Nikapata kura kumi na mbili. Kimaiyo, mtu wa ekari mia tisa, akaja na trekta iliyooshwa ikang'aa kama bwana harusi, hakusema hata dakika tano, akapata mia tatu na kitu. Sina wivu. Nasema tu.

Lakini nakuonya kama rafiki. Yule mtu mkewe alikufa kama vile wangu alivyokufa, tofauti ni kwamba yeye bado ana meno yote. Akikukaribia sana na tabasamu lake, sogeza kiti.

Mimi niko shambani natayarisha ekari zangu tano kabla mvua haijashuka. Sitima na Kobole wanavuta plau vizuri, hasa Sitima, huyo ng'ombe hazeeki. Ukiona vumbi kutoka huku, ujue ni sisi.

Ni mimi,
Jairus Wanyonyi

*

Bungoma
7 Machi

Baba Tonny,

Mulembe muno. Barua imefika ikinuka vitunguu, lakini nimeisoma.

Ukumbi wetu ni wa hoteli moja nyuma ya soko. Tuko wajumbe ishirini na tisa. Mwenyekiti ni mwalimu Jerono, mstaafu kutoka Endebess. Amekuja na kengele ya shule, na akiipiga hata askofu anakaa.

Nikuambie jinsi katiba inavyoandikwa, kwa sababu nilidhani ni kazi ya watu wenye vitabu. Siku ya kwanza kila mtu alizungumza juu ya nchi. Siku ya pili kila mtu alizungumza juu ya shamba lake, lakini akaliita nchi. Mtu wa miwa ana ibara yake ya miwa ameiandika nyumbani. Askofu anataka ardhi ya dini isiguswe kabisa, na dini yenyewe ina ekari mia mbili. Mwenye nyumba za kupanga anataka haki za binadamu, na binadamu anaowajua ni wenye nyumba.

Usinione malaika. Hata mimi nimekuja na yangu kwenye kibeti. Nataka iandikwe kwamba chakula kikivuka mpaka wa Uganda pale Suam kisizuiliwe. Mahindi na maharagwe yangu yananyeshewa pale siku tatu, siku nne, yakingoja muhuri. Nikipata ibara hiyo nitarudi Misikhu nimetosheka, hata wakifuta zilizobaki.

Huyo Kimaiyo unayemwogopa ni mtu wa heshima. Aliniletea kiti chenye mto kwa sababu ya mgongo wangu. Sikukisogeza.

Kama una maneno, acha kuyamaliza kwa Linah. Kuna sanduku la maoni hapa mlangoni, na lingine liko sokoni Kitale. Mwananchi anaandika jina lake na maoni yake, sisi tunayasoma hapa kwa sauti. Mwisho ni tarehe kumi na sita.

Nisalimie Sitima. Kweli bado ana nguvu ya kuvuta?

Agneta Nasambu

*

Kitale
12 Machi

Agneta,

Mwenye kiti chenye mto, mulembe.

Linah amerudi na habari ambazo hukuniandikia. Ati mnakunywa chai meza moja na Kimaiyo, pembeni, karibu na dirisha. Hiyo nimeimeza. Ati anakuuliza sukari ngapi. Hiyo pia nimeimeza, ikapita kwa shida. Halafu Linah akasema, na macho yake akiyaelekeza kwa vitunguu, kwamba Kimaiyo alikumenyea yai.

Yai, Agneta!

Mimi nakujua miaka sitini na hujawahi kuniruhusu nikumenyee hata ndizi. Mwaka jana kwenye mazishi ya shemeji yako nilitaka kukubebea tu kile kibeti, ukaniambia nibebe heshima yangu. Leo mtu wa ekari mia tisa anachezea maganda mbele yako na mwenyekiti anapiga kengele bila kuona! Uliza Linah kama alitia chumvi. Hapana, usimuulize. Nilishamuuliza. Alitia.

Na hiyo ibara yako ya Suam siipendi. Mahindi ya ng'ambo yakiingia hivi hivi, sisi wakulima yetu tutauzia kuku. Naongea kama mtu ambaye jembe limemtoa jasho mgongoni asubuhi ya leo, si kama watu wa kuketi kwa mito.

Umenikumbusha sanduku la maoni. Mimi sina maoni. Mimi ni mzee wa darasa la nne, nitaambia nini taifa? Hata hivyo mkono wangu wa kulia umechoka sana wiki hii, na si kwa sababu ya kulima peke yake.

Sitima hajambo, anakusalimia. Ananguruma tu.

Ni mimi mwenye meno machache,
Jairus

*

Bungoma
18 Machi

Baba Tonny,

Kuna jambo limetokea hapa na nataka msaada wako kama mkulima.

Jana tulifungua sanduku la Kitale. Tulitarajia maoni matano, sita. Tukapata arobaini na moja, na arobaini yanasema neno moja. Yanaanza kwa kuwataja maskini wa mtaa wa Kipsongo, halafu, nakunakilia: "Mwenye shamba awe ni yule anayelilima kwa mkono wake misimu mitatu mfululizo. Aliye na karatasi peke yake abaki na karatasi yake." Watu wengine walipiga makofi. Wengine waliangalia mlango. Mjumbe mmoja alisema ni sauti ya maskini wa Kipsongo imetufikia, akatoa kitambaa.

Mwalimu Jerono alisoma majina. Nilishangaa kidogo. Wengine niliwazika. Mmoja anaitwa Bwana Sitima. Mwingine Bwana Kobole, "kaka yake." Nawajua ng'ombe wawili wenye majina hayo, lakini sidhani wamejifunza kuandika, tena wote wawili kwa mwandiko mmoja, kwenye karatasi za kalenda ya mwaka juzi.

Haya, hilo tuliache. Lililonishinda ni hili. Nilijua Kimaiyo atasimama aipige vita hiyo ibara mpaka jua lizame. Alisimama kweli, lakini akaiunga mkono! Akasema wananchi wa chini wamenena. Akaomba tu tuongeze maneno machache. Pale paliposema "kwa mkono wake", sasa ni "kwa mkono wake au kwa mashine yake". Na mwishoni: "Misimu iliyokwisha kupita ihesabiwe." Yakaongezwa. Sasa ibara inasimama hivyo, na tunaipigia kura tarehe mbili Aprili. Ikipita inakwenda kwa rasimu ya nchi nzima.

Mtu mwenye ekari mia tisa anafurahia nini hapo? Sipendi mteja akikubali bei haraka, huwa najua kuna kitu sijakiona kwenye gunia. Nieleze.

Agneta

*

Kitale
20 Machi

Mama Roselyne mpendwa,

Nimecheka mpaka goti likapona kwa muda.

Mimi sijui chochote juu ya maoni hayo, lakini yeyote aliyeyaandika ana akili ya ajabu, tena nadhani ni mtu mzuri wa sura. Arobaini! Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya kura nilizopata mimi, na hakuna aliyelazimika kuvaa koti.

Unauliza Kimaiyo anafurahia nini. Hafurahii. Anajikaza. Mtu akinyang'anywa shamba mbele ya mwanamke atafanya nini, alie? Wale vibarua wanaolima mashamba yake miaka yote watagawana zile ekari, na yeye atabaki na karatasi ya kupangusia miwani. Anaunga mkono ili wewe uone ana roho ya huruma. Ni yai lingine hilo, Agneta, sasa amelimenya mbele ya kamati nzima.

Hayo maneno aliyoongeza ni ya kujifariji. Mkono, mashine, si yote ni kulima? Msipoteze wakati. Mpitishe.

Halafu ukae meza nyingine.

Jairus

*

KIMAIYO FARM
Kitale
24 Machi

Kwa Mzee Jairus Wanyonyi,

Salamu mzee wangu. Naamini uko salama na familia.

Nakujulisha kwamba dereva wangu Kiptum atafika kwako na trekta Alhamisi, tarehe mbili Aprili, kulima ekari zako tano kwa msimu wa nne, kama tulivyozoea.

Pamoja na barua hii kuna karatasi mbili. Ni maelezo tu kwamba mashine yangu imelima shamba lako misimu mitatu mfululizo iliyopita. Tia sahihi zote mbele ya naibu wa chifu, moja ubaki nayo. Wazee na wajane wote mia moja na kumi na wanne ninaowalimia wamepelekewa. Ni kwa kumbukumbu.

Kuhusu nyumba usiwe na wasiwasi. Mimi sitamtoa mtu kwake akiwa hai.

Nimefurahi kuona huko kwenu kuna wananchi wenye mawazo ya mbali. Maoni yao yamenisaidia sana katika kamati. Ningewajua ningewapelekea sukari.

Wako mtiifu,
E. K. Kimaiyo

*

Kitale
25 Machi

Agneta,

Pinga ile ibara.

Usiniulize kwa nini. Mimi ni mkulima, nimeitazama tena, si nzuri. Ina upepo ndani. Waambie wajumbe waipinge wote, na yule wa kitambaa akirudishe mfukoni.

Linah nimemwambia asipitie popote.

Jairus

*

Bungoma
27 Machi

Baba Tonny,

Wiki iliyopita mwandishi wake alikuwa mzuri wa sura. Leo ibara ina upepo.

Siwezi kupinga kwa sababu mzee mmoja wa Kitale ameamka vibaya. Nikuambie mambo yalivyo hapa, na usirushe barua. Kimaiyo ana watu wake kumi na mmoja. Nilikaa naye mezani siku zote hizo kwa sababu nawahitaji hao kumi na mmoja kwa ibara yangu ya Suam. Wiki hii tumekubaliana. Mimi nampa kura yangu na za wafanyabiashara kwa ibara yake ya kulima, yeye ananipa zake kwa Suam. Nimempa mkono. Mahindi yangu yako mpakani hivi sasa ninapokuandikia, na mvua imeanza.

Ukitaka niuvunje mkono huo, nipe sababu. Si mafumbo. Sababu yenye jina la mtu aliye hai na sahihi yake, niweze kuisoma mbele ya watu. Linah akiniletea kabla ya kura, nitaisoma. Asipoleta, nitainua mkono na Kimaiyo, nirudi kwangu Misikhu.

Wewe unajua kitu. Nimekujua miaka sitini, na unapokuwa na kitu huwa unaandika barua fupi.

Agneta

*

Kitale
30 Machi

Agneta,

Hii itakuwa ndefu.

Jina la mtu aliye hai ni langu, Jairus Wanyonyi, mwenye ekari tano barabara ya Suam, darasa la nne.

Yale maoni arobaini niliandika mimi. Siku nne, kalenda nzima kasoro Disemba. Majina ya majirani yaliniishia kwenye kumi na tisa, nikaingia kwa marehemu, nikawaomba radhi mmoja mmoja. Wao walipoisha nikaingia zizini.

Lakini zizi ni tupu. Hilo ni la pili. Sina Sitima. Sina Kobole. Niliwauza miaka mitatu iliyopita mke wangu Nakhungu alipolala hospitali, na baada ya kumzika goti lilikataa jembe. Tonny alisema ana kazi. Kimaiyo akaja na maneno matamu, akasema, mzee, nipe nikodi, utakaa kivulini, utapata magunia yako. Nikampa. Trekta yake huzunguka nyumba yangu mpaka mlango wa choo. Mimi hukaa kwa stuli nikiangalia, halafu naingia ndani nakuandikia kwamba nimelima. Vumbi nililokuambia ni vumbi lake.

Na mahindi ya Uganda nilikuwa nayapigia kelele za nini? Mimi sina hata bua moja.

Sasa utauliza kwa nini niliandika. Wajumbe wenzako watasema niliandika kwa ajili ya maskini wa Kipsongo. Niliwataja, ndiyo, walipendeza kwenye sentensi. Lakini nikisema ukweli niliandika kwa ajili ya yai. Nilitaka Kimaiyo apoteze zile ekari mia tisa, aje kwa hiyo meza yenu ya dirishani bila kitu, sawa na mimi, halafu tuone kama bado anajua kumenya. Sikufikiria nchi hata kidogo. Nchi nzima niliiweka ndani ya kikombe chako cha chai.

Nilidhani anayelima mashamba yake ni vibarua. Kumbe ekari zake anazilima mwenyewe kwa mashine, kwa hivyo zinabaki zake. Na zetu pia anazilima kwa mashine, misimu mitatu sasa, wazee na wajane mia moja na kumi na wanne, kwa hivyo na zetu zinakuwa zake. Yeye aliongeza maneno mawili matatu tu. Kazi ngumu nilimfanyia mimi, na kalamu yangu mwenyewe. Amenitumia karatasi nitie sahihi. Amesema hatanitoa nikiwa hai.

Baba yangu alilimia mzungu hapa mpaka mgongo ukakunjika, ndipo akapata hizi ekari tano. Hakuwahi kuzikodisha. Nakhungu yuko nyuma ya ghala. Trekta hugeukia hatua tatu kutoka alipolala, nimezihesabu, kwa sababu kila msimu nasimama hapo nikihakikisha haigeukii hatua mbili. Ikiwa yake, nani atasimama?

Sikukuambia mapema kwa sababu ningekuwa nani kwako? Mwenye ekari mia tisa analeta kiti, na mimi naleta nini, stuli? Nilitaka angalau niwe mtu anayelima.

Basi. Isome. Ile sehemu ya yai ukiweza iruke.

Jairus Wanyonyi
(na dole gumba hapa chini, wasiseme ni ng'ombe)

*

Misikhu
4 Aprili

Jairus,

Niliisoma yote. Mwalimu Jerono aliniuliza kama kuna mahali ningependa kuruka, nikasema hapana, huu ni ushahidi.

Kwenye zizi walicheka. Kwenye yai askofu alikohoa mpaka akapewa maji. Nilipofika nyuma ya ghala hakuna aliyecheka tena. Yule mjumbe wa kitambaa alikitoa, safari hii alikitumia kweli. Halafu mjumbe mmoja, mama kutoka eneo la Kwanza, ambaye mwezi mzima hajawahi kufungua mdomo, alisimama akasema, "Hata mimi ananilimia. Hata dada yangu. Karatasi hiyo ninayo hapa." Akaitoa kwenye sidiria akaiweka mezani, bado ina joto.

Ibara imeanguka. Kumi na nane kwa kumi. Mahali pake Jerono ameandika kwamba mwenye kukodi ni mwenye kukodi, hata alime miaka mia. Akapiga kengele, akasema sentensi fupi ndizo ngumu kuchezea.

Baada ya chakula ikaja ya Suam. Nayo ikaanguka. Kumi na tatu kwa kumi na tano. Kimaiyo hakunikasirikia. Alikuja akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, ulikuwa umenipa mkono." Ni kweli. Magunia yangu thelathini yaliyokuwa yakingoja muhuri yameota, na yajayo yatangoja vilevile. Hilo ndilo ibara yako ililonigharimu, na nataka ulijue, usilicheke.

Sasa mawili ya mwisho.

Kuhusu yai. Kimaiyo anamenyea mayai kila mjumbe mwenye kura. Alimmenyea hata askofu. Ungeuliza, ningekuambia.

Kuhusu Sitima. Nilijua. Siku ile unamuuza nilikuwa mnadani, nimesimama nyuma ya magunia yangu. Nilikuona unampangusa tongotongo kwa mkono wa koti, lile la harusi, kabla hujampa mtu kamba. Nilitaka kuja. Nikaona utaaibika. Miaka mitatu umekuwa ukiniandikia jinsi anavyovuta, nami nakujibu nikimsalimia. Nilidhani siku moja utachoka.

Sijui kama nimekasirika. Bado naanika mahindi.

Agneta

*

Shambani,
Kitale.
8 Aprili

Kwako Agneta,

Sijacheka. Kuhusu magunia thelathini nimekaa siku nzima bila neno la kuchekesha, na unajua hiyo kwangu ni homa. Samahani.

Siku ile mnapiga kura huko, trekta ilifika hapa. Kiptum alinikuta nimekaa kwa stuli katikati ya shamba, nimevaa koti. Akapiga honi. Sikusikia, au nilisikia, na masikio haya nani atajua? Akazima injini, akaja, tukasalimiana, nikamwambia msimu wa nne sijatia sahihi na zile karatasi nimewashia moto wa chai. Chai yenyewe akanywa vikombe viwili. Akageuza trekta akaenda. Ni kijana mzuri, sina ugomvi naye.

Tangu hapo nimelima kwa jembe. Kwa jembe kweli, Agneta, mara hii ukitaka njoo uangalie malengelenge. Mistari minne kwa siku sita. Nalima mmoja, nakaa, naongea na Nakhungu, nalima nusu. Kwa mwendo huo nitamaliza ekari tano nikiwa na miaka mia moja na tisa.

Kwa hivyo nimeitisha kamati yangu hapa nyumbani. Upande wa chini, karibu na mto, kuna ekari mbili na nusu zenye udongo mweusi. Sikukodishii. Sikupi bure pia, najua utakataa, utaniambia nibebe heshima yangu. Uje na jembe lako, ulime misimu mitatu mfululizo kwa mkono wako. Baada ya hapo ni zako, na karatasi nitaandika, ya kweli, kwa jina langu moja. Mahindi yatakayotoka hapo hayatapita Suam, hayatangoja muhuri wa mtu. Ile ibara ilikufa Bungoma, na ilistahili. Lakini hapa kwangu imepita, kura moja kwa sifuri. Bwana Sitima na kaka yake hawakuhudhuria.

Misimu mitatu ni mingi, najua. Utahitaji mahali pa kuwekea jembe jioni. Ghala lina nafasi. Nyumba pia ina nafasi, nasema tu.

Na Kimaiyo akikuona barabarani akitaka kukupa lifti, kataa. Akikulazimisha, shukia njia panda, hizo hatua zilizobaki utembee. Sitaki aone mlango wangu, wala ajue tunakula nini asubuhi.

Mayai yapo. Nimechemsha mawili. Sijayagusa maganda, nangoja nikuone na jembe.

Ni mimi,
Jairus